Jino Alilolitema Asar

Kiangazi kile Bibi Dulamsuren alikuwa na jambo moja tu kichwani, na ukikaa naye kwa muda wa kunywa bakuli moja la chai ya maziwa lazima ungelisikia: farasi wake aimbiwe. Tangu mumewe afariki, hakuna farasi wa kambi yao aliyewahi kuingia kwenye watano wa mwanzo katika mbio za Naadam, sikukuu yetu ya kiangazi, na asiyeingia hasimamishwi mbele ya watu, hamwagiwi maziwa ya farasi kwenye paji la uso, wala msifu farasi hamwimbii kwa ile sauti yake ya kutetemesha kifua. Marehemu aliimbiwa mwaka hata mwaka mpaka ikaonekana kama haki yake. Baada yake, kimya. Bibi Dulam, kama bonde zima lilivyomwita, hakukipenda kimya kile hata chembe.

Safari hii alikuwa na Kijivu, mwana wa mwisho wa yule farasi jike aliyependwa na marehemu kuliko wote. Kijivu alikuwa na miaka miwili, miguu mirefu kuliko akili, na msimamo mmoja maishani: mgongoni pake hapandi mtu ila Enerel. Enerel alikuwa mjukuu wa Bibi, msichana wa miaka tisa, mwepesi, magoti yamejaa makovu. Sodnom, baba yake, aliwahi kumjaribisha mtoto wa jirani. Jirani akaenda kumwokota mwanawe kwenye matope. Basi hesabu ilikuwa rahisi. Bila Enerel hakuna Kijivu, na bila Kijivu hakuna wimbo.

Kila asubuhi Enerel alimpeleka Kijivu ng'ambo ya kilima, akageuka, akarudi mbio kwa njia ile ile ya Naadam, mpaka kisimani karibu na kambi. Hapo Bibi Dulam alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamsubiri na kijiti cha kukwangua jasho. Farasi akisimama tu, Bibi anapenyeza mkono kifuani mwa joho lake, ambamo hakuna mtu aliyejua vyote vilivyokaa humo, na kutoa kifuko cha ngozi. Donge moja la sukari kwa Kijivu. Donge moja kwa Enerel. Kisha jingine kwa Kijivu kwa kuwa amekimbia vizuri, na jingine kwa Enerel asije akaona mwenzake amependelewa.

Mzee Jambal, jirani wa kambi ya chini, naye alikuwa mfunza farasi, na alipenda kupita kisimani hapo wakati wa sukari ili apate la kusema.

"Dulam! Wewe unamlea farasi kama mjukuu, na mjukuu kama farasi. Wote wawili hawakutazami usoni, wanakutazama kifuani."

"Wivu tu huo, Jambal. Wewe wako unawapa nini? Matusi?"

"Wangu wakifika kisimani wanapita. Wako akifika anafunga breki."

"Ana adabu. Anasalimia wakubwa."

"Haya. Na hayo meno ya mtoto je?"

Hapo Jambal alikuwa amegusa penyewe. Bibi Dulam alijivunia meno kama wengine wanavyojivunia watoto waliosoma. Alisimama kwenye ndoo yake, akafunua midomo yote miwili, akayaonyesha: marefu, ya rangi ya chai, yamesagika kidogo juu, na hakuna hata moja lililokosekana.

"Unayaona? Hayajawahi kukutana na mswaki. Kuoza meno ni ugonjwa wa watoto wa mjini, wanaolala na pipi ya kijiti mdomoni na kuamshwa na soda. Sisi watu wa malishoni tumekulia maziwa makavu, magumu kama mawe. Meno yetu hayana muda wa kuoza."

Jambal akacheka, akampiga farasi wake kisigino, akaenda zake.

Sasa, Enerel mwenyewe alikuwa wa malishoni miezi ya joto tu. Kuanzia mwezi wa tisa alikaa bweni la shule kule mji wa wilaya, pamoja na hao hao watoto wa pipi ya kijiti, na kila Sodnom alipokwenda kumwona alibeba mfuko aliofungiwa na mama yake, Bibi Dulam: nyama kavu, maziwa makavu, na sukari ya kutosha kuoshea kondoo. Nyama iliisha polepole. Maziwa makavu yalirudi nyumbani. Sukari haikuwahi kurudi.

Zikiwa zimebaki wiki chache tu kabla ya Naadam, Bibi Dulam aliona jambo. Enerel alikuwa analoweka kipande cha maziwa makavu kwenye chai, anasubiri kilainike, halafu anakimung'unya upande mmoja wa mdomo kama kikongwe.

"We, mbona unakula kama mama mkwe wangu marehemu?"

"Nina haraka, Bibi."

"Mwenye haraka hutafuna. Wewe unasubiri."

Enerel alinyanyuka, akaenda kwa farasi. Jambo likapita. Lakini asubuhi ya pili lilikuja ambalo halikupitika. Watoto wa kambi jirani walikusanyika kuzungusha farasi wao na kuimba giingoo, ule mwito mrefu usio na maneno ambao mtoto humwitia farasi kabla ya mbio ili damu yake ichemke. Giingoo haiimbwi kwa midomo ya kubana. Unafungua kinywa mpaka upepo uingie tumboni. Na Enerel, aliyejulikana bonde zima kwa giingoo iliyowaamsha mbuzi ng'ambo ya mto, alikuwa anavuma puani kama nzi kwenye chupa. Kijivu aligeuza shingo, akamtazama. Hata yeye aliona hilo si la kawaida.

Bibi Dulam alimshusha kwenye farasi kwa mkono mmoja.

"Fungua."

"Hamna kitu, Bibi."

"Kama hamna kitu, fungua nikione hicho kitu ambacho hakipo."

Enerel alifungua. Upepo wa asubuhi ukaingia, na mtoto akaruka na kulia kwa pamoja. Chini kushoto palikuwa na jino jeusi lenye shimo ambamo ungeweza kupanda mtama, na fizi yake imevimba.

"Usimwambie Baba," Enerel alisema huku akilia. "Usimwambie mtu. Wakijua naumwa watanikataza kupanda. Kijivu ataachwa."

Bibi Dulam alisikia uchungu, lakini si mkubwa sana, kwa sababu alikuwa na jibu tayari, lile lile alilopewa yeye na mama yake.

"Unalilia jino la utoto? Mjinga wewe. Hayo yote ni ya kupita. Likioza linang'oka, tunalifunga kwenye mafuta ya mkia wa kondoo, tunampa Asar, na Asar anakuletea jipya. Mbwa ana meno mazuri, atakuletea zuri. Kuna cha kulia hapo?"

Alichomoa unywele mmoja mrefu kwenye mkia wa Kijivu, akaufunga kwenye lile jino, akavuta. Unywele ukakatika. Akafunga miwili. Enerel akapiga yowe lililowaamsha mbuzi ng'ambo ya mto, kwa hiyo sauti ilikuwepo, ila jino halikutoka. Kufika jioni shavu lilikuwa limetuna, na Sodnom hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Asubuhi walipanda pikipiki wote watatu: Sodnom mbele, Bibi Dulam nyuma, na Enerel katikati kama nyama kwenye andazi, shavu limefungwa kitambaa. Wiki hiyo kila mtoto wa kupanda farasi alitakiwa kupimwa kwenye shule ya wilaya, na safari hii wapimaji walikuja na daktari wa meno, binti mmoja mfupi mwenye miwani aitwaye Nomuun, aliyezunguka na gari lake kutoka wilaya hadi wilaya. Darasa moja lilikuwa limegeuzwa kuwa chumba chake. Nje, watoto wa mjini na watoto wa malishoni walikuwa wamejipanga ukutani pamoja, wamefanana kwa woga.

"Mimi nimemleta tu kwa sababu baba yake ni mwoga," Bibi Dulam alisema kabla hajaulizwa. "Ni jino la utoto. Lingetoka lenyewe."

"Karibu, mama. Kaa hapo karibu naye, mshike mguu," alisema Daktari Nomuun. Alimchunguza Enerel taratibu, akimsimulia farasi aliowaona njiani ili akili yake iende mbali na kioo kilichokuwa mdomoni. Kisha akavua glavu.

"Hili jeusi kweli ni la utoto. Limeshakwisha, tutaling'oa leo. Atapumzika siku chache, halafu apande farasi wake."

Enerel alifumba macho kwa furaha. Bibi Dulam akamgeukia Sodnom kwa uso wa mshindi.

"Ila kuna hili la nyuma yake," aliendelea daktari. "Limeanza kutoboka. Hili si la utoto."

"Ana miaka tisa huyu. Yote ni ya utoto."

"Hili liliota akiwa na miaka sita, kimya kimya, nyuma kabisa. Halikulisukuma jino lolote litoke, ndiyo maana hamkuliona likija. Ni lake mpaka azeeke. Likioza hili, mama, mbwa hana jingine la kuleta."

Bibi Dulam aliinama, akamchungulia mtoto kinywani.

Kisha akajiinua. "Ni hili bweni lenu," alisema. "Mnatuharibia watoto kwa vitu vyenu vya dukani. Sisi kwetu meno hayaozi. Angalia!" Akafunua midomo.

Daktari Nomuun aliinama, akawasha taa yake, akayaangalia kwa heshima yote, moja moja, juu na chini.

"Mazuri sana haya. Nimetoka kusini jangwani, nimepita kule kwenye ziwa, sijaona kama haya. Mama, sukari uliionja lini kwa mara ya kwanza?"

Bibi Dulam alipendezwa na swali. Alikaa sawa. "Siku niliyoolewa. Mjomba wa mume wangu alitoka nayo mjini. Donge moja, jeupe, ameling'ang'ania mkononi utadhani jicho lake."

"Ulilila lote?"

"Lote! Weee. Tuligawana watu wanne. Mimi nilipata pembe."

"Na Enerel anakula mangapi kwa siku?"

Swali lilikuwa dogo, na liliulizwa kwa upole. Bibi Dulam alifungua mdomo ajibu, na papo hapo Enerel, ambaye hakuna mtu aliyemuuliza, akasema kwa shavu lililovimba: "Mawili kisimani. Na la kulalia. Na la kuamkia. Na akimpa Kijivu anasahau, ananipa tena."

Sodnom alikohoa, akatazama dirishani. Bibi Dulam alihisi kifuko cha ngozi kifuani mwake kimekuwa kizito. Alishika mguu wa mjukuu wake, sindano ya ganzi ikaingia, na hata Enerel alipombana mkono kwa nguvu zake zote, hakusema "usilie", maana yeye mwenyewe macho yalikuwa yamelowa.

Jino la utoto likang'olewa. La nyuma likasafishwa na kuzibwa. Daktari alilifunga lile jeusi kwenye pamba, akamkabidhi Enerel kama zawadi, pamoja na mswaki na dawa yake. "Asubuhi, na kabla ya kulala," alimwambia. Kisha akamgeukia Bibi: "Na wewe mama, usiache maziwa makavu. Hayo mlikuwa mnayapatia."

Kambini, Asar alikuwa amelala kivulini mwa hema, mbwa mkubwa mweusi, shingo kama gunia. Bibi Dulam alikata mafuta ya mkia wa kondoo, akayachimba kwa kidole, akafukia lile jino humo. Walikusanyika wote. Hata Mzee Jambal alikuwa amepita, kwa bahati, kama kawaida yake.

Enerel alinyoosha kiganja. "Asar, chukua jino langu baya, niletee jino zuri."

Asar alinusa. Alipokea mafuta, akatafuna mara moja, akasita. Akakunja uso, na sijui kama umewahi kumwona mbwa akikunja uso, kisha akayameza mafuta na kulitema jino. Likaanguka majanini, jeusi, linang'aa mate.

Jambal alicheka mpaka akakaa chini. "Dulam! Mbwa anayekula kwato za ng'ombe aliyekufa! Lile jino limemshinda!"

Sodnom naye akacheka, akijitahidi asicheke. Lakini Enerel alianza kulia. "Halitakuja sasa. Kalikataa. Halitakuja zuri."

Bibi Dulam aliliokota jino, akalinusa. Lilinuka dawa ya kwenye chumba cha daktari, harufu kali ya karafuu, na hiyo ndiyo iliyomchukiza mbwa. Angeweza kusema hivyo tu na mambo yakaisha. Badala yake alipiga magoti majanini, pamoja na ubishi wake wote, akamfuta mtoto machozi kwa mkono wa joho.

"Nisikilize. Kakataa kwa sababu ni langu, si lako. Hili nimelitengeneza mimi, donge kwa donge. Liweke. Tutalisafisha, tutampa siku nyingine, na atalimeza. Mimi nakuambia."

Kisha akatoa kifuko cha ngozi, akaenda nacho mpaka penye sanduku la unga, akakifungia humo. Enerel alimtazama. Kijivu, aliyekuwa amefungwa kambani, alimtazama vile vile, na masikio yake yakaanguka.

Siku zilizobaki waliendelea na mazoezi, ila kisimani hapakuwa na sukari tena. Bibi alikaa kwenye ndoo yake ile ile, akakwangua jasho, akampapasa Kijivu shingo. Kijivu alisukuma pua kifuani pake, akatafuta, akakosa, akapumua kwa nguvu. Kila asubuhi alisimama kisimani akiwa na matumaini mapya. Na mtoto, jioni na asubuhi, alisimama nje ya hema akipiga mswaki mpaka povu linamfika kidevuni, huku mbuzi wakimshangaa. Bibi Dulam naye alianza kusugua meno yake, kwa siri, kwa kidole na chumvi, akihofia Jambal asije akapita.

Naadam ilifika na anga la bluu tupu. Uwanja ulijaa mahema, moshi wa maandazi ya nyama yakichemka kwenye mafuta, wanamieleka wenye vifua wazi, vikongwe wenye nishani, na vumbi. Mbio za farasi wa miaka miwili zilikuwa za mchana. Watoto walizunguka bendera na farasi wao, kofia za rangi vichwani, na msimamizi akapaza sauti: "Giingoo!"

Bibi Dulam alikuwa amesimama kwenye kamba, mikono kifuani. Zilianza sauti nyembamba, moja moja. Kisha ikapanda moja iliyozifunika zote, ndefu, ya wazi, imetoka tumboni na kupita penye pengo na kutoka nje bila kuzuiwa na kitu. Watu waligeuka. Kijivu aliinua kichwa, akachezesha miguu. Kwenye kingo za uwanja mbuzi wa mtu fulani walianza kulia.

"Huyo wako?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Wangu," alisema Bibi Dulam. Alikuwa hajaisikia sauti ile tangu mwaka jana, na alitambua wakati huo huo kwamba mtoto alikuwa ameibana kinywani majuma na majuma kwa maumivu, ili bibi yake apate kuimbiwa farasi. Ikamuuma, na bado alifurahi mno.

Watoto waliondoka kwenda mbali, kule ng'ambo ya kilima ambako mbio huanzia, mpaka wakawa vitone. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha vumbi. Uwanja mzima ukasogea kwenye kamba.

Wa kwanza alikuwa mwekundu wa watu wa mtoni. Wa pili, wa tatu. Wa nne alikuwa wa Mzee Jambal, na Jambal alirusha kofia na kuisahau ilikoangukia. Wa tano akapita. Wakapita wa katikati, wakapita wa nyuma, wakapita wawili waliochoka wakiburutana. Vumbi likatulia. Kijivu hayupo.

"Kaanguka," Bibi Dulam alisema. "Sodnom, kaanguka. Washa pikipiki. Washa hiyo pikipiki!"

Hapo akaisikia. Mbali, nyuma ya vumbi, giingoo. Mtu anaimba peke yake kwenye nyika tupu, bila haraka na bila huzuni. Halafu akaonekana: Kijivu, anakuja kwa mwendo wa kifahari, kichwa juu, jasho hana, na juu yake Enerel, kofia ya njano, mdomo wazi, anaimba. Walivuka mstari wa mwisho, watu wakipiga makofi kuliko walivyompigia wa kwanza.

Bibi Dulam alimshusha mtoto kwenye farasi, akamkagua kichwa, mikono, magoti. "Umeumia wapi?"

"Sijaumia, Bibi. Tulikuwa wa tatu! Wa tatu kabisa! Kisha tukafika kisimani." Enerel alishika tumbo, anacheka hawezi kusimama wima. "Akasimama. Nikampiga mateke, kasimama. Nikamwimbia, kasimama. Anaangalia ile ndoo yako. Alikuwa anakusubiri, Bibi. Anasubiri sukari yake."

Wote waliokuwa karibu wakamgeukia Bibi Dulam. Mzee Jambal, kichwa wazi bila kofia, alijisogeza karibu asikose neno.

Bibi Dulam aliangalia farasi wake. Aliangalia pengo kwenye kicheko cha mjukuu wake. Kisha akaanza kucheka yeye, kicheko kilichoanzia chini kabisa ya joho, na alicheka mpaka ikabidi amshikilie Kijivu asianguke.

"Mimi!" alisema. "Jino mimi, farasi mimi. Donge kwa donge!"

Hapo ndipo msifu farasi alipokuja na bakuli lake. Maana desturi yetu, katika mbio za farasi wa miaka miwili, haimsahau wa mwisho. Huitwa Tumbo la Neema, huletwa mbele ya watu, humwagiwa maziwa, na huimbiwa ili mwakani aone aibu na kutangulia. Katika haraka yake yote ya kutaka watano wa mwanzo, Bibi Dulam alikuwa amelisahau hilo. Msifu, mzee mwenye kifua kama pipa, alimwinamia Enerel akamuuliza kilichomchelewesha farasi. Enerel alimnong'oneza. Mzee akatingishika mabega, akajikaza, akainua bakuli juu, na sauti yake ikatanda bonde zima:

*"Huyu hapa, mwana wa majani mapya,*
*aliyewatanguliza wenzake kwa heshima!*
*Miguu yake haina lawama, pumzi yake haina lawama,*
*vumbi la wote amelibeba yeye.*
*Kosa si lake, kosa si la mpandaji:*
*alisimama kisimani kumsubiri bibi,*
*bibi mwenye sukari kifuani!*
*Mwakani atatangulia, na vumbi atawaachia wao."*

Kicheko kililipuka uwanja mzima. Maziwa yalitiririka kwenye paji la Kijivu na kudondoka puani, naye akayalamba. Bibi Dulam alisimama wima kando yake, mkono begani kwa Enerel, machozi na vumbi vimemchanganyikia usoni. Farasi wa mumewe alikuwa ameimbiwa. Wa mwisho, na yeye mwenyewe yumo ndani ya wimbo, lakini ameimbiwa, na hakuna mtu bondeni ambaye angeusahau wimbo ule.

Kijivu aligeuka, akamsukuma pua kifuani. Watu wakanyoosha shingo kuona. Bibi akapenyeza mkono kwenye joho; farasi akasimamisha masikio, mtoto naye akasogea. Mkono ukatoka na vipande viwili vya maziwa makavu. Kijivu alinusa, akapumua kwa dharau, kisha akachukua. Enerel akaingiza chake mdomoni, upande ule ule wa kushoto, akauma. Kak! Ilisikika mpaka kwa Jambal.

Waliporudi kambini jua lilikuwa bado juu ya kilima. Enerel hakungoja hata kuvua kofia ya mbio. Alichomoa mfukoni lile jino. Alikuwa ameliosha kwa maziwa siku zote zile mpaka halinuki kitu, na alilibeba mbio nzima. Bibi Dulam alikata mafuta, safari hii makubwa, yale ya katikati ya mkia ambayo huwekewa wageni.

"Asar, chukua jino langu baya," Enerel alisema, kiganja wazi, "niletee jino zuri."

Asar alinusa. Alimtazama Enerel. Alimtazama Bibi Dulam kwa muda mrefu zaidi, kama mtu anayekumbuka jambo. Sodnom alizima pikipiki. Kisha mbwa akachukua lile donge la mafuta zima zima, akainua shingo, na koo lake likapanda na kushuka mara moja.

Enerel alipiga kelele. Sodnom alipiga kelele. Na Bibi Dulamsuren, ambaye hakuwa ameimba giingoo tangu akiwa mtoto wa kupanda farasi wa baba yake, alirudisha kichwa nyuma, akafungua kinywa chenye meno yake yote, akampigia mbwa giingoo mpaka mbuzi ng'ambo ya mto wakaamka.